Mama Mjamzito Akiwashwa

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo



Leo hatutafanya hesabu. Juma lililopita mama mmoja alibaki darasani wenzake walipoondoka, akaniuliza jambo kwa sauti ya chini sana. Nilimjibu. Lakini njiani nikawaza: huyu ameuliza, je, wangapi wamenyamaza? Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya fangasi za ukeni kwa mama mjamzito. Akina baba msitoke. Mtaona kwamba jambo hili linawahusu nanyi.

Nianze na mimi mwenyewe. Mimba yangu ya pili ilipofika miezi mitano nilianza kuwashwa sehemu za siri. Usiku silali. Nikikojoa, ni moto mtupu. Nikatokwa na ute mzito, mweupe, wenye mabongemabonge kama maziwa ya mgando. Mimi nimesoma chuo cha ualimu, nawafundisha wenzangu mambo ya afya, lakini niliona haya kusema. Nikawa nanawa kwa sabuni ya kufulia na maji ya chumvi, hata ndani. Ngozi ikachubuka, muwasho ukazidi. Mume wangu akaanza kunitazama kwa shaka. Hakusema neno, ila alihamishia mkeka wake sebuleni.

Mwishowe nikaenda dukani kununua dawa. Muuzaji hakuniuliza kama nina mimba. Nami nilikuwa nimejifunga khanga mbili, sikusema. Akanipa kidonge cha kumeza. Nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba kadi yangu ya kliniki ipo, na mtu wa kumwuliza yupo. Sikukimeza. Kesho yake nikakipeleka zahanati, nikakiweka mezani mbele ya muuguzi. Haya ninayowaeleza sasa nilianza kujifunza pale.

Fangasi hizi huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo kandida. Ni jamaa ya hamira tunayoumulia maandazi, lakini si hamira yenyewe, kwa hiyo msiogope maandazi. Wengi wetu tunavyo mwilini bila kudhurika. Ukeni vinaishi pamoja na bakteria wazuri, ambao huvizuia visizidi. Mwanamke akipata mimba, homoni za mwili wake hubadilika, na sukari huongezeka katika ngozi ya ndani ya uke. Kandida hupenda sukari kama hamira inavyoipenda. Basi hustawi. Vilevile mama akitumia dawa za kuua bakteria kwa ajili ya ugonjwa mwingine, wale bakteria wazuri nao hufa, na kandida hupata nafasi.

Hapo ndipo nilipowataka akina baba wasikilize. Fangasi za ukeni hazihesabiwi katika magonjwa ya zinaa. Inakadiriwa kwamba wanawake 3 kati ya 4 huzipata walau mara moja maishani. Mkeo akiwa nazo, hazikuambii kwamba ametoka nje ya ndoa. Mume wangu alielezwa hayo na muuguzi yule yule, na mkeka ukarudi chumbani.

Lakini sasa tahadhari. Si kila muwasho ni fangasi, wala si kila uchafu ukeni ni fangasi. Ute mwepesi mweupe usiowasha wala kunuka ni kawaida kwa mjamzito. Ute wa fangasi ni mzito, unawasha, na kwa kawaida haunuki vibaya. Ukiona uchafu wa manjano au wa kijani, au wenye harufu mbaya, au una vidonda, hayo ni mengine. Huenda ni kisonono, ambacho kinaweza kumpofusha mtoto anapozaliwa. Hapo mume na mke hupimwa na kutibiwa wote wawili. Na ukiona damu, au maji mepesi yanatoka bila kukoma, au una homa na maumivu chini ya tumbo, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kuhusu dawa. Mjamzito hutibiwa kwa dawa ya kuweka ukeni. Inayotumika sana ni klotrimazoli. Kwenye boksi jina lake huanza kwa herufi C. Kwa kawaida huwekwa kila usiku kabla ya kulala, kwa siku 6 au 7. Nawa mikono kwa sabuni, kisha isukume taratibu kwa kidole. Kile kifaa cha kusukumia usikitumie mpaka muuguzi akuelekeze. Maliza siku zote, hata kama muwasho umekwisha siku ya tatu. Mimi nilitamani sana kuacha siku ya tatu!

Kile kidonge cha kumeza nilichopewa kiliitwa flukonazoli. Jina lake huanza kwa herufi F. Mjamzito asikimeze kwa kujinunulia, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mnajua kusoma sasa. Soma boksi, na kabla ya kutoa fedha mwambie muuzaji: nina mimba.

Fangasi zikirudi mara kwa mara, mwombe muuguzi akupime sukari, maana kisukari huzichochea. Upungufu wa kinga mwilini nao huzileta.

Nyumbani, nawa kwa maji safi kwa nje tu. Usiingize sabuni, limau, ugoro wala majani ukeni, hata kama bibi amesema. Vaa chupi ya pamba iliyokauka vizuri juani. Ukitoka chooni, jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma.

Yule mama wa juma lililopita aliniuliza pia kama fangasi zitamwua mtoto wake tumboni. Kwa kawaida hazimfikii. Lakini anaweza kuzipata wakati wa kuzaliwa, akawa na utando mweupe mdomoni. Utando huo unafanana na maziwa. Jaribu kuufuta taratibu kwa kitambaa safi chenye maji. Maziwa hufutika. Usipofutika, usiukwangue, mpeleke mtoto zahanati, atapewa dawa ya matone, nawe utaangaliwa matiti, maana chuchu nazo huambukizwa. Na uendelee kumnyonyesha.