MAZUNGUMZO: MAJIVU YA MLIMA RUNGWE NA NJIA YA UPEPO


Miaka ipatayo 4,000 iliyopita Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, ulilipuka na kurusha majivu angani. Wataalamu hupima unene wa tabaka lililobaki ardhini; kisha kompyuta huigawa anga katika visehemu vidogo na kukokotoa mwendo wa chembe. Zilizo nzito huanguka karibu. Zilizo laini hupeperushwa mbali, na zikivutwa hufika ndani ya mapafu.

Mlima ukilipuka tena, upepo ndio utakaoamua kama majivu yatafika Iringa. Hivyo hesabu hiyo yafaa itangulie, ili wananchi wajue mapema lini wafunike visima, wazibe pua kwa kitambaa, na waondoe majivu mapaani kabla mvua haijayaongezea uzito.