Tuulize Kwanza, Tutengeneze Baadaye

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya jambo moja tu: jinsi ya kutengeneza msaada wa afya ambao watu watautumia kweli. Maana sote tumeona choo kipya kikigeuzwa stoo, na dawa ikibaki juu ya kabati. Halafu tunasikia, "Watu hawa hawasikii." Hapana. Mara nyingi kitu chenyewe hakikuwafaa, kwa kuwa hakuna aliyewauliza.

Tuchukue mfano wa Zambia. Mwingereza mmoja, Simon Berry, alifanya kazi huko katika miaka ya 1980. Aliona kwamba soda ya Coca-Cola inafika hadi duka la mwisho kijijini, lakini dawa ya mtoto anayeendesha haifiki. Na nyinyi mnajua, mtoto akiendesha sana, kinachomwua ni kukaukiwa maji mwilini. Dawa yake ni rahisi: ORS, yaani chumvi na sukari zilizopimwa, pamoja na vidonge vya zinki.

Miaka mingi baadaye, yeye na mkewe Jane na wenzao wakaanza kazi. Wazo lao: dawa isafiri katika nafasi iliyo kati ya chupa ndani ya kreti ya soda. Wazo zuri. Lakini hawakutosheka na wazo. Waliwaendea akina mama, wakauliza na kutazama.

Waliona nini? Pakiti za ORS za zahanati zilikuwa za lita moja, na nyumbani hakuna chombo cha kupima lita. Mama anakisia tu. Maji yakizidi, dawa haina nguvu. Yakipungua, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Tena mtoto mdogo hamalizi lita kwa siku, na dawa iliyochanganywa haifai kukaa zaidi ya saa 24. Nyingi ilimwagwa.

Kwa hiyo wakatengeneza pakiti ndogo za mililita 200. Kasha lenyewe likawa kipimo, chombo cha kuchanganyia na kikombe cha kunywea. Ndani wakatia zinki na sabuni. Wakaliita Kit Yamoyo. Kwa Kinyanja, moyo ni uhai.

Walilijaribu mwaka 2012 na 2013 huko Kalomo na Katete. Kati ya watu 100 waliotumia kasha hilo, 93 walichanganya sawasawa. Kwa pakiti za lita ni 60 tu. Watoto waliotibiwa kwa ORS pamoja na zinki walikuwa hawafiki hata 1 kwa mia. Wakafika karibu 45.

Sasa sikilizeni hapa. Lile wazo la kreti, lililoanzisha kazi yote, wenye maduka karibu hawakulitumia kabisa! Walibeba makasha pamoja na bidhaa nyingine, kwa sababu wateja waliyataka na faida ilikuwepo. Basi wenye wazo wakaliacha, wakatengeneza kasha rahisi zaidi. Hawakung'ang'ania. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza ORS na zinki zilizofungwa pamoja katika orodha yake ya dawa muhimu za watoto.

Na sisi je? Kabla ya kutoa pesa za chama kwa mradi wowote wa afya, tufanye hivi:

1. Tutembelee nyumba chache, na tusiruke ile maskini kabisa wala ile ya mbali. Tusiulize tu, "Mnahitaji nini?" Tuulize: "Mara ya mwisho mtoto alipoendesha, ulifanya nini? Pesa alikuwa nazo nani? Ulipimia maji kwa chombo gani?"

2. Tutazame kwa macho. Mama atuonyeshe anavyochanganya. Tusimcheke, tusimkatize. Akimaliza, ndipo tumsaidie.

3. Tujaribu kidogo kwa vitu vilivyopo. Chupa tupu ya nusu lita, ikisafishwa vizuri, ni kipimo tayari.

4. Baada ya wiki mbili turudi. Kisipotumika, tubadilishe kitu, tusiwalaumu watu.

Lakini dawa yenyewe tusiibuni. Kiasi cha maji kimeandikwa kwenye pakiti, na maji yawe safi. Zinki mtoto amalize siku 10 hadi 14, hata kuendesha kukikoma. Msiposhika vizuri, muulizeni muuguzi au mhamasishaji wa afya ya jamii. Mtoto akitoa damu, akilegea, macho yakidumbukia au akishindwa kunywa, ni hospitali mara moja.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayekijua ni yule mama aliyekesha na mtoto usiku kucha. Basi mkutano ujao kila kikundi kije na majibu ya nyumba tano. Tukishayasikia, ndipo tuongee juu ya pesa.