Fundi wa Laka Hayuko Peke Yake

Mwenzetu mmoja ameniletea barua. Amerithi kisanduku cha Kijapani, cheusi ti, chenye korongo wa dhahabu juu ya kifuniko, na sasa dhahabu inabanduka. Anauliza: fundi wake atapatikana wapi?

Taabu ni kwamba fundi huyo si mmoja. Katika mji wa Wajima, huko Japani, mmoja hukereza mti, wa pili hupaka tabaka za chini, wa tatu hupaka laka ya juu, na mwingine huchora kwa laka mbichi kisha hunyunyiza unga wa dhahabu kabla haijashika. Mtindo huo wa dhahabu huitwa maki-e. Laka yenyewe ni utomvu unaogemwa kama mpira, na mti uliokuzwa miaka kumi na zaidi hutoa gramu 200 hivi, kisha hukatwa. Tena haianikwi juani. Hukaukia kabatini mwenye unyevu. Ikiwa mbichi huwasha ngozi vibaya. Wabanguaji wa korosho kule Mtwara hawatashangaa, maana mti huo na mkorosho ni ukoo mmoja. Hata rangi ya mafuta ya maganda ya korosho hutumika Japani kuigiza laka, kwa hiyo mnunuzi na aulize kwanza.

Basi, mwenye kazi hubisha hodi kwa nushiya, yaani nyumba inayowaunganisha mafundi wote hao. Mpango mzuri, lakini kamba ikikatika pamoja imekatika yote. Tarehe 1 Januari, 2024, tetemeko lilipiga rasi ya Noto, na moto ukateketeza majengo zaidi ya 200 karibu na soko la asubuhi la Wajima, yakiwemo maduka na karakana za laka. Septemba mwaka huo huo yakaja mafuriko. Mchoraji wa dhahabu aliyenusurika atafanya nini ikiwa mkereza wake amehama mji? Wajima ina chuo cha mkoa cha kufundisha vijana kazi hii tangu mwaka 1967, lakini chuo hakimrudishi mzee aliyeondoka na ujuzi wa miaka hamsini.

Mwenzetu aandikie nushiya, aambatanishe picha, na awe na subira. Kwa sasa kisanduku akiondoe dirishani, jua huiua laka. Vipande vya dhahabu vilivyobanduka avihifadhi katika karatasi. Na gundi ya dukani, tafadhali, asiiguse.