Kitabu Kiko Rafuni, Msomaji Yuko Nje

Hotuba ya mkutubi mstaafu kwa semina ya kamati za maendeleo na vijana wa parokia

Mwenyekiti wa kamati ya maendeleo, Padre, Masista, wazee, akina mama, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma karibu na mlango ili mtoroke mapema, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya maktaba za vyuo vikuu na watu wenye ulemavu. Najua kuna wanaojiuliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa huku? Yanatuhusu sana. Mwezi jana tulifanya harambee hapa hapa kwa ajili ya binti yetu asiyeona, aliyepata nafasi ya kusomea ualimu katika chuo kikuu. Kuku walipigwa mnada, mbuzi mmoja akauzwa mara tatu, pesa zikapatikana. Tukapiga makofi, tukaenda nyumbani. Lakini jameni, karo humfikisha mtu getini tu. Kutoka getini mpaka kwenye kitabu kuna safari nyingine, na hiyo haikupigiwa mnada.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si vizuri kuwasema wengine kabla ya kujisema.

Mwaka 1994 nilikuwa karani wa dawati la vitabu vya akiba katika maktaba moja ya chuo. Vitabu vya akiba ni vile ambavyo wanafunzi 200 wanavitaka na nakala ni tatu. Hupewi uende navyo bwenini. Unasomea pale pale kwa saa mbili, unarudisha. Basi akaja kijana mmoja asiyeona, ameshikwa mkono na rafiki yake. Rafiki alichukua kitabu, wakaketi kwenye kona, akaanza kumsomea kwa sauti ya chini. Yule kijana alikuwa na kile kibao cha Breili na msumari wake, anadonoa karatasi: tok, tok, tok. Baada ya dakika kumi wasomaji wengine wakaanza kunung'unika. Nikawaendea, nikawaonyesha lile tangazo la ukutani: KIMYA. Nilimwonyesha tangazo mtu asiyeona! Nikawaambia kama ni kusomeana, waende nje chini ya mti. Wakauliza kama wanaweza kutoka na kitabu. Nikasema hapana, hicho ni cha akiba.

Sasa fikirini. Ndani hawezi kusomewa kwa sababu ya kelele. Nje hawezi kusomewa kwa sababu kitabu hakitoki. Sheria zote mbili zilikuwa nzuri, na zote mbili nilizifuata, na mtu akakosa kitabu. Walikuja tena siku mbili tatu, halafu sikuwaona tena. Mimi nikasahau.

Miaka mingi baadaye nilikuwa stejini nikimwuliza kondakta nauli. Mwanaume mmoja mwenye fimbo nyeupe akageuka, akasema, "Huyo ni mama wa dawati la akiba." Sauti yangu tu ndiyo aliyoitambua. Alikuwa mwalimu sasa, na hakunitukana. Tuliketi pamoja kwenye matatu, akanieleza kwamba ile kozi alianguka, akarudia mwaka mzima, na baba yake akauza ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya mwaka huo wa ziada. Nilishuka kabla ya kituo changu. Sikuweza kuendelea kuketi pale.

Kile kilichohitajika kilikuwa chumba kimoja chenye mlango. Chumba cha ukubwa wa stoo, meza moja, viti viwili. Tulikuwa nacho. Tulikuwa tumeweka viti vilivyovunjika.

Haya, tuje kwenye hivi vitabu vyenyewe. Breili wengi mmeisikia. Ilibuniwa na Mfaransa, Louis Braille, ambaye alijidunga jicho akiwa mtoto wa miaka mitatu katika karakana ya baba yake, akawa kipofu, na mwaka 1829 akatoa mtindo wake wa nukta sita. Ni kazi ya ajabu, lakini ina uzito. Biblia nzima ikiandikwa kwa Breili hujaza vitabu vikubwa 40 hivi, kabati zima. Sasa chukua kitabu cha saikolojia cha kurasa 600 na uniambie mwanafunzi atakibeba vipi kutoka maktaba hadi bwenini. Hapa Kenya watoto wetu wamefundishwa Breili kwa muda mrefu. Shule ya Vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Kwa hiyo vijana wanafika chuo kikuu wakiisoma vizuri. Wanachokosa huko ni cha kusoma.

Siku hizi kuna njia nyepesi. Kompyuta yenyewe inaweza kumsomea mtu. Kuna programu inayoitwa NVDA, ambayo inasema kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Ilianzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, kwa sababu programu za namna hiyo zilizokuwa sokoni zilikuwa za bei ambayo mtu wa kawaida hawezi. Hii ni ya bure. Bure kabisa, narudia, maana nikisema bure watu hudhani kuna fomu ya kulipia. Maktaba ikikwambia haina pesa ya kusaidia wasioona, waulize kwanza kama wameweka hiyo isiyotaka pesa. Halafu hedifoni moja, ili wale wa KIMYA wasinung'unike.

Lakini kuna mtego hapo, na wakutubi wenzangu wengi bado wanaingia. Wanachukua kitabu, wanakipiga skana, wanakiweka kwenye kompyuta, wanatangaza, "Tumewatengenezea wasioona." Wamepiga picha tu! Kompyuta inaona picha ya karatasi, haioni herufi. Mwanafunzi anafungua faili, na mashine inanyamaza. Lazima ile picha ipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi, kisha mtu aisome na kusahihisha, kwa maana mashine huchanganya herufi, hasa kama karatasi ni ya fotokopi ya fotokopi kama zile tunazozijua. Ni kazi ya saa nyingi. Kwa hiyo haiwezi kuanza wiki ya mtihani. Mhadhiri atoe orodha ya vitabu kabla ya muhula kufunguliwa, si wiki ya tano.

Na haki ya mwandishi? Zamani maktaba ikitaka kugeuza kitabu kizima, kwa kawaida ilibidi kumwandikia mchapishaji na kungoja barua ambayo pengine haiji. Ndiyo maana nchi zikakutana Marrakesh, Moroko, mwaka 2013 na kupitisha mkataba. Mkataba huo unaruhusu taasisi zilizokubaliwa kutengeneza nakala za Breili, za sauti au za kompyuta kwa watu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na kuzipeleka kutoka nchi hadi nchi, bila kuomba ruhusa ya kila mchapishaji. Kenya ilijiunga mwaka 2017, na mwaka 2019 sheria yetu ya hakimiliki ikarekebishwa ili kuukubali. Tena mkataba hauwahusu wasioona peke yao. Asiyeweza kushika kitabu kwa mikono yake yumo. Yule ambaye herufi zinamchezea machoni ingawa akili yake ni nzuri, naye yumo. Kwa hivyo karani akikwambia "hakimiliki hairuhusu", mjibu polepole, kwa heshima, lakini mjibu.

Sheria nyingine nitazipitia haraka, kwa kuwa chai inakaribia. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwenye taasisi za elimu, na kufikia mahali pote na habari, na kutumia lugha ya ishara, Breili au njia nyingine inayomfaa. Kabla ya hapo tulikuwa na sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2025 imekuja mpya mahali pake. Sensa ya mwaka 2019 ilipata kwamba watu wenye ulemavu ni asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Mimi naona hiyo ni ndogo mno. Si mnajua jinsi watu wanavyojibu karani wa sensa mlangoni wakati majirani wanasikiliza?

Tuingie kwenye jengo. Wazee waliojenga maktaba nyingi walipenda ngazi mbele ya mlango, nadhani ili elimu ionekane iko juu. Ngazi tano si kitu kwako. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu ni ukuta. Nimeona vijana wanne wakimbeba mwenzao kiti na yeye juu yake, wanacheka, wanaimba, na kila mtu anasema ni upendo gani huu. Nikamwuliza mwenye kiti. Akaniambia, "Mama, siwezi kusahau kalamu nje." Yaani akishaingia amefungwa, hata kwenda msalani anahesabu marafiki.

Basi wanajenga njia ya mteremko, na hapo fundi anaharibu. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: kila sentimita moja ya kupanda, uende sentimita 12 mbele. Ngazi tano za sentimita 15 ni sentimita 75. Zidisha mara 12: mita tisa! Fundi anaona mita tisa ni kupoteza simiti, anaweka tatu. Sasa hiyo si njia, ni mtelezo wa watoto. Mtu akijaribu kupanda peke yake anarudi kinyumenyume. Ndani pia kuna mambo. Mtu aliyeketi kwenye kiti hawezi kufikia vizuri kitabu kilicho juu ya sentimita 120 hivi, na kule juu ndiko tunakoweka nusu ya maktaba. Hilo halihitaji simiti. Linahitaji mhudumu anayeinuka kitini bila kuombwa mara tatu. Na lifti ikiwepo, ufunguo usikae kwa mtu anayekwenda lanchi saa saba na kurudi saa tisa.

Viziwi nao husahaulika kwa sababu mahali pa kimya tunadhani panawafaa. Siku ya kwanza wanafunzi wapya huzungushwa maktabani na kuelezwa kwa mdomo: hapa kuna hiki, pale kile. Kiziwi anafuata kundi akitabasamu. Hakuambiwa kitu. Kengele ya moto nayo ni sauti. Kusipokuwa na taa inayowaka na kuzima, nani atamwambia atoke? Tusidhani kwamba hao ni watu wa kusaidiwa tu. Profesa Michael Ndurumo, kiziwi, amefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mtu wa namna hiyo alihitaji maktaba kama mwalimu.

Hapo nataka kukaa kidogo, juu ya wafanyakazi. Nilimfahamu mhadhiri aliyepoteza macho akiwa na miaka 50 kwa presha ya macho. Kichwa chake kilikuwa kile kile. Alijua somo lake kuliko vitabu vyake. Lakini alianza kukosa mikutano, akaacha kuja maktabani, kisha tukasikia anashauriwa astaafu kwa sababu ya afya. Mwanafunzi asiyeona amezoea tangu utotoni, anajua kuomba msaada. Mtu mzima aliyekuwa akiheshimiwa anaona haya. Alikuwa akimlipa mtoto wa jirani kumsomea insha za wanafunzi usiku, kwa siri, na mtoto mwenyewe ni wa darasa la saba! Aliyemwokoa ni msaidizi mmoja wa maktaba, kijana tu, aliyekwenda ofisini kwake akafunga mlango, akamwekea programu ya kusoma skrini, akamfundisha wiki tatu wakati wa chakula cha mchana. Hakutumwa na mtu. Mwalimu yule alifundisha mpaka umri wake wa kustaafu ukafika. Lakini kijana yule angekuwa likizo mwezi huo, ingekuwaje? Mambo haya yasitegemee mtu mmoja mwenye moyo mzuri. Yaandikwe kwenye kazi ya mtu, na mtu huyo ajulikane jina lake na chumba chake.

Sasa, binti yetu. Ninaomba kamati ichague watu wawili waende naye chuoni wiki moja kabla ya kufungua, nauli itoke kwenye zile pesa za mbuzi. Wakifika maktabani wasiongee wao, aongee yeye. Aulize ni nani anayeshughulika na wasomaji wenye ulemavu. Aulize kama kuna chumba cha kusomewa kwa sauti, na kama vitabu vya akiba vinaweza kuingia humo. Aombe orodha ya vitabu vya muhula wa kwanza. Kisha atembezwe kutoka getini hadi dawatini, mara mbili, mpaka aijue njia kwa fimbo yake. Wakiambiwa "mtarudi wiki ijayo", waandike jina la aliyesema.

Na ninyi vijana wa mlangoni, nawaona. Mna simu zinazorekodi sauti. Kila mmoja wenu anaweza kumsomea sura moja kwa wiki na kumtumia. Someni polepole, mtaje namba ya ukurasa, na msiruke maneno magumu.

Baada ya chai, fundi wetu amekuja na futi. Tutapima mlango wa chumba chetu cha kusomea hapa parokiani. Kiti cha magurudumu kinataka sentimita 80 wazi, ikiwezekana 90. Mimi niliutazama tu nilipokuwa nikiingia asubuhi, na sikuupenda.