Tangazo Liseme Kilo, Lita na Mita
Maneno yaliyotolewa mbele ya wakazi wa kata



Nimeombwa niseme machache juu ya vipimo katika matangazo ya ofisi zetu. Nitaanza na ekari, kwani hapa Ufipa hasara nyingi huanzia shambani.

Wengi wetu hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Lakini ni hatua za nani? Mtu mrefu ambaye hatua yake hufika mita 1 atapata mita za mraba 4,900. Mwenye hatua ya sentimita 75 atapata takriban 2,756 tu. Ekari yenyewe ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye karibu mita 64 kila upande. Wote wawili wakiambiwa watie mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50 kwa ekari, wa kwanza atayapunja mahindi yake, na wa pili atakuwa amefukia fedha ardhini. Mambo huharibika zaidi pale ushauri unapotolewa kwa hekta, ambayo ni karibu ekari mbili na nusu, nasi tukaupokea kana kwamba umesema ekari.

Lipo pia debe. Debe ni lita 20 za ujazo, wala si uzito. Debe la alizeti halilingani na debe la maharage. Sokoni tunaipinga lumbesa, na Wakala wa Vipimo wanatuunga mkono kwa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Kisha tunarudi kijijini tunabandika tangazo la chakula cha wanafunzi: "kila mzazi debe moja la mahindi." Huyu analeta la kusawazisha, yule anadaiwa lililofurika, na ugomvi unafikishwa kwa Mtendaji. (Wala simlaumu anayegombana, mahindi yake ameyatolea jasho.)

Kwa maji, ankara ikiandika yuniti 1, iongeze kwamba hiyo ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Na zahanati inapotoa dawa ya kuongeza maji mwilini kwa mtoto anayeharisha, ile pakiti ya lita 1, imweleze mama kuwa ni chupa mbili za nusu lita, zilizojaa. Hapa kipimo cha kukisia ni hatari.

Wazee wangu, hakuna anayetaka kuwanyang'anya ekari wala debe. Tunaomba kilo, lita na mita ziandikwe kando yake. Kila ofisi ya kijiji nayo iwe na kamba ya mita 50 iliyotiwa alama, mkulima aiazime bila malipo kabla ya kupanda.

Nanyi mkikuta tangazo la mchango linalotaja debe bila kilo, ulizeni kwanza ni kilo ngapi, ndipo mfungue gunia.