Mashine ya Kusaga na Mgonjwa Mpya wa Seliaki: Mada kwa Maafisa Lishe na Wauguzi wa Kliniki



Nimeombwa nizungumzie namna ya kumsaidia mtu aliyeambiwa hivi karibuni kwamba ana ugonjwa wa seliaki. Barua ya mwaliko ilitaja mambo matatu: maana ya ugonjwa, mlo, na mapendekezo. Nitayapitia yote, lakini muda mwingi nitautumia kwenye jambo ambalo halikutajwa, nalo ni mashine ya kusaga nafaka. Niseme pia mapema kwamba haya ni maoni yangu kama mtaalamu wa lishe, si tamko la hospitali ninayoitumikia.

1. Maana ya ugonjwa

Hapa sitakaa, kwa kuwa wengi mnayafahamu. Seliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichochewa na gluteni, hushambulia utumbo mwembamba. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula hulala na kufupika, na mtu huharisha, hupungukiwa damu, hukonda, au mtoto hudumaa. Wengine hawaharishi kabisa. Dalili pekee ni damu isiyopanda hata wakimeza vidonge vya madini ya chuma. Uhusiano wa ngano na maradhi haya ulionyeshwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, katika tasnifu yake ya mwaka 1950.

Duniani hukadiriwa kuwa na mgonjwa 1 katika kila watu 100 hivi. Uchunguzi wa watoto wa Sahara Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi nchini Algeria, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100. Hao ni watoto wa Afrika. Kauli ya kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, ambayo bado naisikia kwenye vikao vya kitabibu, tuiache.

Vipimo ni kingamwili za tTG katika damu pamoja na IgA jumla, kisha kipimo cha kumeza mpira wenye kamera na kukata vipande vidogo vya utumbo. Mgonjwa asiache ngano kabla ya vipimo hivi kukamilika. Akiiacha mapema, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na majibu hutoka safi ilhali ugonjwa upo.

2. Siku za mwanzo

Mgonjwa wetu hafiki kwa njia iliyonyooka. Ametibiwa ameba, akatibiwa taifodi, akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Amepimwa virusi vya UKIMWI mara kadhaa na majirani bado hawaamini majibu. Wapo waliokwisha kupelekwa kwa waganga. Kwa hiyo siku anayopewa jina la ugonjwa wake, kwanza hupata nafuu ya moyo. Huzuni huja jioni, akikumbuka chapati za Idd au mkate wa chai ya asubuhi, na akielewa kwamba aliyoambiwa ni ya maisha yote.

Tunampa dakika kumi. Tunamwambia: acha ngano, kula ugali. Anayeambiwa hivyo anaondoka akiwa na orodha ya makatazo tu, bila kujua kwamba sehemu kubwa ya chakula cha hapa Tanzania ni chake. Ugali wa mahindi, wa mtama, wa muhogo. Uji wa ulezi. Wali, ndizi, viazi, magimbi, maharage, choroko, dagaa, nyama, mayai, mboga na matunda, vyote ni vyake. Mkate wa kumimina wa unga wa mchele ni wake pia, endapo aliyeupika hakuongeza ngano ili uumuke vizuri. Mgonjwa wa Ulaya hulazimika kununua mkate maalumu kwa bei kubwa. Wa kwetu hahitaji duka la vyakula maalumu, na tusimwelekeze huko kana kwamba ndiko tiba iliko.

Ni kweli pia kwamba ngano hujificha. Vitumbua na bajia huchanganywa ngano na baadhi ya wauzaji. Urojo mara nyingi hupewa uzito kwa unga wa ngano. Samaki hupakwa unga kabla ya kukaangwa. Chipsi huzamishwa katika mafuta yaleyale yaliyokaangiwa sambusa. Sosi ya soya kwa kawaida ina ngano, na bia nyingi hutengenezwa kwa shayiri. Maziwa yanaweza kumsumbua miezi ya mwanzo kwa sababu utumbo uliojeruhiwa hukosa kimeng'enya cha sukari ya maziwa; wengi huweza kuyanywa tena utumbo ukipona.

Katika dini, Wakatoliki huuliza kuhusu Ekaristi, na tusiwajibu kwa kubahatisha. Hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliwi na Kanisa, lakini yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na mwamini anaweza kupokea divai peke yake. Mgonjwa azungumze na paroko wake. Kwa Waislamu, futari ya muhogo, magimbi na ndizi haina shida. Tambi, kaimati na sambusa ndizo za kuepukwa.

3. Mashine ya kusaga

Hapa ndipo nimepambana kwa miaka mingi, na nitaomba subira ya Mwenyekiti.

Tunapomwambia mgonjwa ale ugali, tunafikiria mahindi. Yeye hali mahindi, anakula unga, na kati ya mahindi na unga kuna mashine. Katika kanda yetu ya kaskazini ngano hulimwa Hanang, Karatu, Monduli na magharibi mwa Kilimanjaro, na familia nyingi huipeleka mashineni kama wanavyopeleka mahindi. Huko huko husagwa unga wa lishe, ambao wengi bado huuchanganya mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano. Mashine ni moja, nyundo zake ni zilezile, chekecho ni lilelile, na mfuko wa kitambaa unaopokea unga haufuliwi.

Tupige hesabu. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano kina uzito wa gramu 3 hivi, na karibu sehemu moja ya kumi ya unga huo ni gluteni, yaani miligramu 250 hadi 300. Kijiko hicho kikibaki mashineni kisha kikachanganyika na kilo 1 ya ulezi, unga huo umepita zaidi ya mara kumi kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, cha chakula kisicho na gluteni, ambacho ni miligramu 20 kwa kilo. Mtu akila gramu 200 za unga huo kwa siku, amemeza miligramu 50 au zaidi. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu zinatosha kuuharibu utumbo wa mgonjwa aliyekwisha kupona. Na aliyewahi kufungua mashine ya nyundo baada ya kazi ya siku anajua kwamba kinachobaki ndani ni zaidi ya kijiko kimoja.

Hesabu hiyohiyo inatufundisha jambo lingine. Kijiko hicho kikisambaa sawasawa katika debe zima la mahindi, kilo 18 hivi, kiwango hushuka chini ya 20. Tatizo ni kwamba hakisambai sawasawa. Mabaki hutoka na kilo za mwanzo. Kwa hiyo anayeumia zaidi ni mama anayesagisha kilo mbili za ulezi kwa ajili ya uji wa mtoto, na huyo ndiye tunayemwona kliniki. Mkulima anayesaga gunia hatumwoni.

Nimewaona watoto ambao kingamwili zao hazikushuka hata baada ya mwaka wa kuacha ngano. Kwenye faili huandikwa: "Mzazi hafuati masharti." Neno hilo limeniuma mara nyingi. Nimekaa na bibi mmoja aliyekuwa ameondoa ngano nyumbani kwake kabisa, hata wageni hawapikiwi chapati, na mjukuu wake bado aliharisha. Hakuna aliyekuwa amemuuliza anasagisha wapi. Tulimshauri asagishe asubuhi, mashine ikiwa imepigwa brashi, na kilo mbili za mwanzo awape kuku. Kipimo kilichofuata kilikuwa kimeshuka. Mtoto mmoja si utafiti, nami siudai kuwa utafiti, lakini kwa hesabu niliyoonyesha sishangai.

Kwa nini jambo hili halishughulikiwi? Kwa sababu halina mwenyewe. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kazi yao kwenye viwanda na vyakula vilivyofungashwa inaonekana. Mashine ya mtaani hukaguliwa na afisa afya wa halmashauri, naye huangalia choo, panya na vumbi, mambo ya msingi kabisa ambayo siyabezi. Afisa lishe humshughulikia mgonjwa. Hakuna aliyepewa jukumu la kuuliza nini kimesagwa kabla ya nini. Nimeandika barua kuhusu suala hili katika ngazi mbalimbali, na majibu yote yamekuwa ya heshima na yenye kuelekeza kwingine. Naelewa kwamba wagonjwa wanaojulikana ni wachache na bajeti ni finyu. Lakini wagonjwa ni wachache kwa kuwa hatuwapimi, na brashi ya mashine haihitaji bajeti ya wizara.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa. Tangu mwaka 2011, kanuni za urutubishaji wa chakula zinawataka wasindikaji wakubwa waongeze virutubisho, yakiwemo madini ya chuma na asidi ya foliki, katika unga wa ngano na wa mahindi. Mgonjwa anapoacha ngano na kusagisha mahindi yake mtaani, anapoteza virutubisho hivyo wakati ambapo utumbo wake tayari umeshindwa kufyonza chuma kwa muda mrefu. Tusipompa vidonge na kumpima damu, tunamtoa katika tatizo moja na kumwingiza katika jingine.

4. Mapendekezo

Kwa kliniki. Fomu ya mgonjwa mpya iwe na swali la wazi: unasagisha wapi, kiasi gani kwa mara moja, na kabla yako nini husagwa? Swali hili liulizwe kabla ya kuandika kwamba mtu hafuati masharti. Kwa kweli ningependa maneno hayo yasiandikwe kabisa mpaka mashine iwe imeulizwa.

Mgonjwa apewe miadi ya pili ndani ya wiki mbili, kwa sababu siku ya kwanza hasikii mengi. Kama si yeye mwenyewe anayepika nyumbani, aje na anayepika, awe mke, mama au dada wa kazi. Kingamwili zipimwe baada ya miezi sita na baada ya mwaka, kisha kila mwaka. Aelezwe kwamba nafuu huweza kuanza baada ya wiki chache, lakini utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua miaka miwili au zaidi kupona, ili asikate tamaa katikati.

Wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa wapimwe, kwani karibu mmoja kati ya kumi miongoni mwao huweza kuwa nao. Wapimwe pia wenye kisukari cha aina ya kwanza na watoto wenye ugonjwa wa Down. Narudia: wapimwe wakiwa bado wanakula ngano.

Kwa mgonjwa na familia. Nafaka inunuliwe nzima, ipepetwe na kuchambuliwa punje za ngano, kisha isagishwe kwa wingi, debe na kuendelea, ikiwa uwezo upo. Usagishaji uwe wa kwanza asubuhi, na kilo mbili za mwanzo zitengwe. Unga wa mchele usinunuliwe kwa kupimiwa na kopo lililotoka kwenye unga wa ngano, wala usiwekwe kwenye kiroba kilichowahi kubeba ngano. Wenye mashine ya mkono, au kinu na mchi, wavitumie kwa uji wa mtoto. Unga wa lishe wa kununua uepukwe, isipokuwa viambato vyake vinajulikana na mahali uliposagwa panajulikana.

Kwa wenye mashine. Mwenye mashine zaidi ya moja atenge moja isiyosaga ngano. Mwenye moja apange ngano na unga wa lishe vyote alasiri, na asubuhi apige brashi chumba cha nyundo, atoe chekecho alikung'ute, na mfuko wa kitambaa aufue na kuukausha. Wengi niliozungumza nao hawakukataa. Walisema hakuna aliyewahi kuwaomba.

Kwa halmashauri. Fomu ya ukaguzi ya afisa afya iongezwe mstari mmoja kuhusu mpangilio wa kusaga. Hatuombi sheria mpya wala faini.

Kwa mamlaka za kitaifa. Tunaomba kwa unyenyekevu kwamba miongozo ya unga wa lishe iondoe ngano katika mchanganyiko wa watoto. Mahindi, ulezi na maharage vinatosha kutengeneza uji mzuri, na mashine zetu zitakuwa salama zaidi kwa wote. Tunaomba pia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wanapowasaidia wajasiriamali wa mashine ndogo, wafikirie miundo ambayo chumba cha nyundo hufunguka kwa urahisi. Mashine inayofunguliwa kwa spana nne haitasafishwa kila asubuhi, hata mwenyewe akiwa na nia njema.

Kwa washiriki wa leo. Kila mmoja atembelee mashine moja katika kata yake kabla ya kikao chetu kijacho, aulize nini husagwa na saa ngapi, na alete maandishi. Karatasi ya kubandika ukutani mwa mashine, yenye maelezo ya brashi na ya kilo mbili za mwanzo, iko mezani kwa katibu. Chukueni zinazotosha kata zenu.