Muuguzi Mpya na Kazi ya Pili

Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimeagizwa na Kamati niseme juu ya swali lililoletwa na wanachama kadhaa: je, yafaa binti au kijana wetu aliyehitimu uuguzi juzijuzi ashike na kazi ya pili? Mimi si mganga. Ni karani tu. Lakini jambo hili limepita mezani pangu, na sehemu ya lawama, kama mtakavyosikia, ni yangu.

Wanaoitetea kazi ya pili wana hoja nzito, wala nisingependa zidharauliwe. Wauguzi wengi wapya huajiriwa kwa mkataba mfupi, na mshahara wa kaunti haufiki kila mara siku uliyotazamiwa. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma tangu Juni hadi Novemba. Katika miezi ile, aliyekuwa na zamu katika hospitali ya binafsi aliweza kulisha nyumba. Tena zamu hizo za muda, ambazo wenyewe huziita lokamu, humwonyesha kijana mambo asiyoyaona katika wodi yake.

Sasa tutazame saa. Muuguzi aliyekesha hutoka wodini asubuhi, akaenda moja kwa moja kliniki hadi jioni, kisha usiku akarudi zamu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Lakini siku anayoitoa mwajiri wa kwanza, wa pili huichukua, wala hapana hata mmoja wao anayeiona hesabu nzima. Huko Marekani uchunguzi uliotolewa mwaka 2004, juu ya wauguzi 393 wa hospitali, ulionyesha kwamba uwezekano wa kukosea uliongezeka mara 3 zamu ilipofika saa 12 na nusu au zaidi. Na kosa lenyewe laweza kuwa dogo kwa macho: herufi U ya yuniti ikiandikwa karibu mno na 10 katika karatasi ya dawa ya mgonjwa wa kisukari, jicho lililochoka husoma 100. Mimi nami hukosea hesabu za Chama, kama Mweka Hazina ajuavyo, lakini nina kifutio.

Mkongwe wa wodi huenda akalitambua kosa kama hilo kwa mazoea, hata akiwa mchovu. Aliyemaliza chuo juzi hana bado mazoea hayo. Mwaka wa kwanza ndio anaoyapata. Kwa hiyo shauri langu ni kwamba asiongeze zamu nyingine za uuguzi kabla ya miezi 12 kutimia. Ikiwa ana banda la kuku nyumbani, na aliangalie, ijapokuwa kuku nao huamka mapema mno.

Lakini, Bwana Mwenyekiti, ni nani anayemsukuma? Mwaka uliopita nilipeleka barua kwa mkono wangu kwa binti mmoja tuliyemlipia karo kwa mkopo wa Chama. Hakuwa ametimiza miezi 3 kazini. Barua ilimtaka aanze kulipa mwezi uleule, na maneno yake makali niliyaandika mimi. Alinikaribisha kwa adabu, akanitilia chai, akaketi kuisoma. Kabla hajafika ukurasa wa pili alisinzia, barua mkononi. Alikuwa ametoka katika kazi yake ya pili, na jioni ile alitakiwa katika ya kwanza. Mama yake akaniambia kwamba habari za deni zilikwisha kumfikia, ndiyo maana akatafuta lokamu. Nilimaliza chai yangu nikaondoka kimya.

Hatuwezi kumkataza kazi ya pili huku sisi ndio tunaomdai. Wapo watakaosema kwamba fedha hizo zinangojewa na wanafunzi wengine. Ni kweli; hesabu ya mfuko mmesomewa asubuhi hii, na wako watakaongoja zaidi. Hata hivyo naomba mkutano huu uazimie kwamba mkopo wa muuguzi uanze kulipwa baada ya miezi 12 ya kazi, pasipo kuongezwa riba, na kwamba karani asipeleke barua yoyote ya madai kabla ya hapo. Kamati iligawanyika katika jambo hili, nami nimeruhusiwa kulileta ombi kwa jina langu mwenyewe.